Mama Alivyolisikia Neno

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi, baba alifariki na shida ikaingia kwetu Misunkumilo bila kupiga hodi. Shule nikaiachia darasa la tatu. Ila kusoma nilikuwa nimeshajua, na kwa mama hilo lilitosha, maana yeye hata herufi moja hakuijua.

Nyie wa umri wangu mnazikumbuka jioni zile: moshi wa kuni mbichi, mihogo imeanikwa juu ya mwamba, mbuzi wanarudi wenyewe bila kuitwa. Mama anatwanga, mimi namsomea Maandiko kwa sauti. Nikimaliza anaegemeza mchi na kuuliza swali lake: "Kwa hiyo sisi tufanye nini?"

Swali hilo lilinitesa kuliko jembe. Nikisoma habari ya kusamehe, tunakwenda kumsalimia baba mdogo aliyetunyang'anya shamba la bondeni, tena na kuku mkononi. Nikisoma habari ya wagonjwa, kesho yake namkatia kuni jirani mwenye mguu mbovu.

Nikaona nijiokoe. Nikatafuta kurasa za majina matupu, huyu kamzaa yule, yule kamzaa huyu. Nikasoma kwa madaha, nikajua leo nimepona. Mama akaegemeza mchi, akasema, "Wenzetu wanawakumbuka watu wao. Chukua jembe, tukapalilie kaburi la baba yako."

Siku moja, mahindi bado machanga shambani na njaa imeshika, kitabu kilifunguka kwenye habari ya mjane aliyempikia mgeni unga wake wa mwisho. Sikutazama mbele, nikasoma. Uani alikuwa amekaa mama mmoja wa Kirundi, katika wale wakimbizi waliokuwa wakiletwa kambi ya Katumba, mtoto mgongoni. Alikuwa ameomba maji tu. Mama akakung'uta kibuyu chetu cha unga, ukatoka wa sufuria moja. Akasonga ugali, akauweka mbele ya mgeni.

"Mama, na sisi?"

"Si umesoma mwenyewe? Au ulikuwa unawasomea mbuzi?"

Katika Maandiko unga ule haukuisha. Wetu uliisha, siwadanganyi. Tulilala na mlenda mtupu. Asubuhi nikamwambia mama kitabu kimetudanganya. Hakukasirika. "Sikumpa ili usiishe," alisema. "Nilimpa kwa sababu ana njaa."

Sasa nina mjukuu anayesoma fasihi chuo kikuu. Likizo hii kaniambia, "Babu, yule mjane ni mhusika tu. Njaa pale inajenga taharuki." Nikamjibu mimi njaa ilinijenga mbavu. Akacheka mpaka simu ikamdondoka. Vijana wa leo wana Neno ndani ya simu, wanalipitia kwa kidole kama wanafukuza nzi.

Lakini nisijisifu. Yule mjukuu akisoma anasimama kwenye kila sentensi, anauliza mwandishi alitaka nini. Mimi siulizi kitu. Nimeyasoma Maandiko mara nne, mwanzo mpaka mwisho, na kanisani wakitaka msomaji wa sauti wananiita mimi. Nafunga kitabu, nakwenda kula. Mama hakusoma hata mstari mmoja, na kila alichosikia alikifanya kabla jua halijazama. Nilimzika miaka mingi iliyopita, na bado kuna jioni nasoma kwa sauti sebuleni, nangoja aniulize lile swali lake. Televisheni ndiyo inajibu.

Shule sikuimaliza, lakini sikulala. Leo nina nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita. Nina ng'ombe kumi na wanane. Nina ekari ishirini za mahindi na mpunga kule Kibaoni. Pikipiki mbili. Ghala lililojaa magunia mpaka kwenye bati. Nina ukuta uliozunguka uwanja wote, na geti la chuma. Wapita njia nawasikia miguu tu; wa kuomba maji hafiki tena uani.