Dakika Kumi za Pasi

Mama Pasi mwenyewe ndiye aliyetaka mita ipimwe. Nyumba ina vyumba sita na mita moja, na kila chumba huchanga sawa. Kwa miezi mitatu wapangaji wenzake walimtupia maneno, mpaka jana dereva wa chumba cha mbele akamaliza: "Mama, pasi yako inakunywa kama ngamia. Ama iondoke, ama muondoke nyote wawili."

Hesabu yake alikuwa ameipiga juu ya kipande cha boksi. Pasi ni ya wati elfu moja na mia mbili, na hupiga nguo za watu saa tano kwa siku: uniti sita. Lakini pasi ikishapata moto taa yake huzimika, ikapumzika. Kwa hiyo alikata nusu. Tatu. Nyumba nzima hula tisa. Angechanga kama vyumba viwili, na kazi ingemlisha yeye na mama mkwe wake asiyeinuka kitandani.

Mpwa wake, fundi umeme, alisimama kwenye mita barazani. Wapangaji walizima kila kitu, wakapanga viti kama wanaongoja harusi.

"Taa hii nyekundu ikipepesa mara elfu, uniti moja imekwenda," fundi aliwaambia. "Dakika kumi tu. Shangazi, anza."

Alianza. Alichovya vidole kwenye bakuli, akanyunyizia kola, akakandamiza. Mvuke ukampanda usoni. Akanyunyizia mikono, akanyunyizia mgongo. Dakika ya tatu aliitupia jicho taa ya pasi. Ilikuwa inawaka. Ya nne, inawaka. Miaka kumi na tisa alitazama nguo, hakuwahi kutazama taa. Pasi ilipumzika kabla ya kazi tu. Nguo mbichi ikishaigusa, maji yaliinyonya moto wote, nayo ikahangaika kuurudisha bila kupumua.

Angeweza kuacha kunyunyiza. Zilibaki dakika sita. Mkono ulirudi bakulini wenyewe.

Muda ulipokwisha fundi aliingia, akarudisha mlango.

"Mia moja tisini na nne," alinong'ona. "Kwa saa zako tano ni karibu sita, shangazi. Siyo tatu." Akamtazama. "Nikiwaambia mia moja, nani atajua? Yule dereva kuhesabu kwake ni abiria tu, na hao nao humponyoka."

Mama Pasi hakucheka. Alichomoa waya, akaisimamisha pasi, akatoka barazani huku mikono bado imelowa.

"Ni sita," alisema. "Katika tisa. Nilikosea mimi."

Hakuna aliyemcheka, na hilo lilimuuma zaidi. Dereva alikuna shingo, juu ya kola aliyoinyoosha Mama Pasi juzi.

"Basi ni vyumba vinne hivyo, mama. Utaviweza?"

"Nikivilipa, sibaki na cha kula."

"Sasa?"

"Nina nguo arobaini na moja za watu ndani," alisema. "Niacheni nizimalize."

"Mpaka Jumamosi," dereva alisema, kwa upole, kama anayempa mgonjwa maji.

Wakabeba viti vyao. Friji ziliguruma chumba kimoja baada ya kingine, redio ikarudi, na mama mkwe akaita kutoka kitandani, "Wamesemaje, mwanangu?"

"Nakuja, mama," alijibu. Hakusogea.