Kofia kwa Wageni wa Chama Rafiki

Ulaya nilikokwenda kuosha vyombo, kituo cha basi karibu na kazini kwangu kilikuwa na bango la chama kimoja cha huko. Nembo yake ngome nyeupe. Chini yake, mwanamke aliyejifunika ushungi anapanda ngazi za ndege, na maneno: Rudini kwenu. Mimi skuli nilitoka mapema, lakini kila kilichoandikwa ukutani lazima nikisome. Lugha yao nilijifunza hivyo. Siku moja, kituoni hapo, watu wenye beji za ngome walinivua kofia yangu ya viua, aliyonishonea mama, wakaichezea mpira mpaka ikatumbukia mtaroni.

Niliporudi Unguja niliwasimulia wenzangu wa maskani yetu ya chama, kwenye baraza chini ya majumba ya Michenzani. Mwenyekiti wa maskani, aliyenifanya mdogo wake tangu baba alipofariki, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia yake akanivisha. Tangu hapo, kila akija mgeni huniambia, "Msimulie ile ya kofia." Wakati wa kampeni aliisimulia mwenyewe jukwaani, akasema chama chetu hakitoshikana mikono na watu kama wale. Nilipiga makofi mpaka viganja vikaniwasha.

Mimi sikai pahala. Nimefunga mwani Kiwengwa, nimeuza urojo Bububu. Lakini popote nilipokuwa, nilijua baraza ninayorudia.

Mwaka huu ofisi kuu ilituletea furushi la vibendera tuvitundike, kwani wageni wa chama rafiki kutoka Ulaya wangepita kwetu. Wazee walifurahi. Michenzani ukitaja marafiki wa Ulaya, watu huinua macho kwenye majumba, maana marafiki wa zamani ndio waliosaidia kuyajenga. Bi mmoja wa ghorofa ya pili alishaanza kuuliza kama na hawa watatutengenezea mabomba.

Nikafungua furushi. Ngome nyeupe.

Nilimvuta mwenyekiti pembeni nikamweleza ni nani hawa, nikidhani hajui.

"Nnajua," alisema. "Nshaambiwa zamani. Wana nguvu bungeni kwao, na sisi twataka wa kututetea huko nje. Siasa hiyo, yakhe. Lugha yao unaijua wewe, utatutafsiria."

Ningeondoka, lakini nilitaka kuwasikia. Walipokelewa kwa udi na halua. Kiongozi wao, mtu mpole wa sauti, alisema wanawaheshimu watu wenye mila zao, na kwamba dunia itatulia kila mtu akibaki kwao. Nilitafsiri neno kwa neno. Baraza nzima ikapiga makofi, na mwenyekiti pia. Kisha akatoa kofia mpya ya viua mfukoni, akamvisha yule mgeni kwa mikono yake miwili, vile vile alivyonivisha mimi. Wakapigwa picha.

Mmoja wetu, kahawa mkononi, akanitania, "Mzungu wetu, wasimulie basi ile ya kofia."

"Ile tuiache," akasema mwenyekiti. Hakunitazama.

Magari yalipoondoka, yule Bi aliniita kutoka dirishani.

"Naam, Bi. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Wanaanza lini hao?"

Nikamwambia hawajengi kitu. Hawa ndio wale wa kofia yangu. Hadithi ile aliijua. Mtaa mzima uliijua.

"Na mwenyekiti anajua?"

"Anajua, Bi. Alijua kabla hawajaja."

Aliweka mkono juu ya kikapu chake, kile anachokishusha kwa kamba akinunua mkate. Nilimwomba akishushe. Nikavua kofia niliyopewa na mwenyekiti, nikaikunja, nikaitia ndani, nikamwambia ampelekee, kwani mlango wake na wa mwenyekiti inatazamana.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie imenibana."

Akaivuta kamba taratibu. Nikashika njia ya Bububu kichwa wazi, na jua lilikuwa kali.