Chai ya Rangi Juu ya Ndengu

Mama alikuja kutoka Kitui kabla ya kura, na gunia la ndengu, akae na mdogo wangu mpaka ajifungue. Kura zikahesabiwa, Kibera ikawaka moto, na mama akakwama nasi huko huko, mtaani kwetu Sarang'ombe, katika chumba ambacho kilikuwa kidogo hata kabla hajaingia. Soko liliteketea. Hata sukuma wiki ikawa haionekani. Tulibaki na ndengu na majani ya chai.

Maziwa hayakuwepo, basi mama alichemsha strungi, chai ya rangi, kali ya kutia kikombe doa, akamwekea mdogo wangu mkononi kila sahani ilipotua. Kwa mama, kumpa mtu chakula bila cha kukisukuma ni kumnyima. Tena aliamini kitu chekundu huongeza damu, na chai ile ilikuwa nyekundu kweli.

"Kunywa, mwanangu. Unahitaji damu."

Mdogo wangu alikunywa. Alikuwa mtiifu kupita kiasi, tabia ambayo mimi sijawahi kuwa nayo.

Siku palipotulia kidogo tulipita njia za nyuma mpaka zahanati moja ya Kawangware. Muuguzi alimvuta ukope wa chini, akatazama viganja vyake, akaacha kutabasamu. Aliuliza amekuwa akila nini. Nikamweleza, na chai nikaitaja kwa bahati tu.

"Sasa sikia," akaniambia. "Chakula ikiwa kwa tumbo bado si yake. Ni mpaka ipite ukuta ya matumbo iingie kwa damu, ndio damu iipeleke mwili yote. Ndengu iko na madini ya kujenga damu, lakini strungi inaishika huko ndani, inatoka tu na choo. Anakula na hapati. Na mtoto anachukua yake kwanza. Huyu akivuja sana akizaa, hakuna yenye itabaki. Na barabara mnaona vile zimefungwa."

Alitupa vidonge, akasema chai ikae mbali na chakula, na kwamba damu haijengwi kwa siku moja.

Nilirudi nimewaka. Mama alinisikiliza akichambua ndengu.

"Nimezaa saba, na chai ilikuwa hapo," akasema.

Lakini jioni aliweka sahani bila kikombe, na mikono yake haikujua ikae wapi.

Uchungu ulianza wiki hiyo hiyo, mchana, vijana wakiwa wamefunga barabara kwa mawe na matairi yanayowaka. Mtoto alitoka mnene, akilia mpaka watu wa plot ya pili wakasikia. Majirani wakasema Mungu amejibu. Mimi nilikuwa nikitazama midomo ya mdogo wangu ikipoteza rangi, na nguo chini yake ikizidi kuloa. Mtoto tukamwachia jirani, tukambeba mdogo wangu kwa blanketi kuelekea hospitali. Kwenye kizuizi vijana walitupisha, wawili wakashika ncha za blanketi bila kuuliza sisi ni wa kabila gani. Alikata roho kabla hatujafika lami.

Tuliporudi mtoto alikuwa amelala, mashavu yamejaa. Nilimchukia. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama akamchukua, akamfunika vizuri, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Yule sista wa zahanati alisema strungi inashika yote, ama ni kidogo tu?"