Mlango wa Pili

Niliwahi kulionea wivu jengo. Wengine huonea wivu nguo, mume au kazi. Mimi nililionea wivu jengo la ghorofa tatu ambalo shule ya uhandisi ya chuo kikuu ililimaliza mwaka juzi. Nilipokuwa mdogo, shule hiyo ilikuwa karakana ya mabati na madarasa mawili. Sasa ina maabara ya nishati ya jua, ina mashine ya kuchonga vyuma inayojiendesha yenyewe, na ina binti wa shangazi yangu.

Tuna umri mmoja, na tulikaa dawati moja hadi kidato cha nne. Yeye alipata alama za kuingia chuoni. Mimi nilizikosa kwa sababu sikumaliza mtihani wa fizikia. Majibu niliyajua. Nilikuwa nikifuta na kuandika upya swali la pili mpaka kengele ikalia.

Tangu hapo najisomea: video kwenye simu, vitabu vya mitumba vya mjini Kisumu, na kuharibu vitu. Mama hununua omena, dagaa wa ziwani, mashua zinapofika asubuhi kwenye ufuo wetu, upande wa Kisian, na kuzianika juu ya nyavu kuukuu zilizotandazwa chini. Mvua ikizikuta bado mbichi, huishia kuwa chakula cha kuku. Kwa hiyo nilianza kumtengenezea kikaushio: sanduku la mbao lenye trei za wavu, bati lililopakwa rangi nyeusi, kioo juu na bomba la kutolea mvuke. Nilikipa milango miwili, upande huu na upande ule, na hiyo milango ndiyo iliyonitesa. Unyevu wa ziwa hufurisha mbao. Nikiusawazisha mmoja kwa randa, wa pili unaacha ufa. Nikiona mwanga unapenya ndani, chakula hakinipiti. Nilikifungua na kukiunga upya mara nyingi hata sikumbuki, na miaka miwili ikapita hakijatoka nyuma ya nyumba.

Siku shule ilipowakaribisha wageni, binamu yangu alinialika. Katikati ya maabara mpya, juu ya meza safi, kilikuwapo kikaushio cha omena. Sanduku la chuma kisichoshika kutu, vipimajoto ndani, nyaya hadi kwenye kompyuta. Nilipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango nikitafuta ufa. Haukuwapo. Mlango wenyewe ulikuwa mmoja tu, na nikajiambia kwamba mlango mmoja hata mimi ningeuziba.

Akanieleza kwamba utafiti wao ulihitaji ufuo wa kufanyia majaribio, naye amemwambia mhadhiri wake kuhusu kwetu.

"Nimeshaongea na Mama," akasema. Alimaanisha mama yangu. Hata neno hilo niliona ananinyang'anya.

Wakakileta. Wanawake wa ufuoni wakakiita friji ya moto, na Mama akakipa nafasi yake nzuri kabisa, pale ambapo mimi nilikuwa nimekusudia kuweka changu. Niliomba Mungu kiharibike, kisha nikaomba msamaha, kisha nikaomba tena.

Kwetu, mvua ikionekana inakuja juu ya ziwa, hakuna anayeuliza omena ni za nani. Kila mwanamke hukunja wavu ulio karibu naye na wote hukimbia pamoja. Kutenganisha ni baadaye, maana kila mtu anaujua wavu wake. Mvua ya kwanza ilipokuja, wote walikikimbilia kikaushio kwa mpigo, mizigo kichwani na mikononi. Mlango ni mmoja. Wakakwama. Binamu yangu, ndani ya koti lake jeupe la maabara, aliwasihi wapange foleni.

"Mwanangu," mmoja akamjibu, "hebu kwanza iambie mvua ipange foleni."

Wavu wa Mama ulibaki nje. Nilitazama omena zake zikielea kwenye dimbwi, na moyo wangu ulikuwa mweupe kama siku ya Krismasi. Mvua ilipokatika nilimwendea binamu yangu mbele ya mhadhiri, nikapaza sauti ili wanawake wasikie.

"Hapa omena hazikusanywi na mtu mmoja. Mngeuliza yeyote mngeambiwa. Hiki kinahitaji milango miwili."

Nilingoja uso wake uanguke. Haukuanguka. Alikubali palepale, akamgeukia mhadhiri na kumwambia, "Huyu ndiye nyamera niliyekuambia habari zake." Nyamera, yaani dada yangu. Mhadhiri akanishukuru na kuniuliza kama ningependa kufika kwenye karakana yao. Nikasema nina shughuli nyingi. Sikuwa na shughuli yoyote.

Wiki iliyofuata walikirudisha kikiwa na mlango wa pili, umezungushiwa mpira, hauna ufa. Kilichonishinda miaka miwili kiliwachukua siku chache, kwa sababu wana jengo, wana mashine, wana mtu wa kumuuliza. Mvua ikaonekana inakuja, wanawake wakaingiza mizigo pande zote mbili wakicheka. Kikajaa, na wavu wa Mama ukabaki nje tena.

"Chako kiko wapi?" Mama akaniuliza.

"Hakijaisha."

"Mwaka jana pia hakikuwa kimeisha. Kilete hivyo hivyo."

Tulikibeba mimi na binamu yangu, kila mmoja upande wake, matone ya kwanza yakitupiga mgongoni. Tulipokitua, ufa ulionekana wazi kwenye mlango wa kushoto. Mama alirarua kipande cha leso aliyojifunga, akakisokota, akakisukumiza kwenye ufa kwa kidole gumba, kisha akaanza kumwaga omena kwenye trei. Miaka miwili ya randa ilimalizwa na tambara.

Binamu yangu alikuwa ameinama upande wa kulia. Alipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango, polepole, kama nilivyofanya mimi kule maabara.

"Huu uliubana kwa mashine gani?"

"Mkono na randa."

Akapitisha kidole tena kutoka mwanzo, bila kutabasamu. Nilijua anatafuta nini. Nikasogea upande wa kushoto, nikasimama mbele ya lile tambara ili asilione.