Jumamosi Tatu za Mwalimu wa Kwaya

Mwezi uliopita mdogo wangu wa kiume alinijia hapa Dongobesh kutoka Haydom, amemshika mkono binti yake wa miaka sita. Alitaka nimtafutie mwalimu wa kinanda, maana mtoto anashinda akigonga meza na kuimba. Tukiwa kwenye chai alinisogelea, akasema taratibu, "Dada, mwangalie vidole kwanza. Sitaki akataliwe kama mimi."

Nikaweka kikombe chini.

Wewe hukuijua Tlawi tulikokulia, ya wakati ule, kwa hiyo nikueleze. Ukungu ulikaa juu ya mashamba ya maharage mpaka saa nne, na nyumba ya bibi, aliyetulea, ilinuka moshi wa mkaratusi na maziwa mgando. Jumamosi tulizoa samadi, tukachota maji, tukala makande yaliyolala, kisha bibi akanikabidhi mdogo wangu nimpeleke kanisani. Mwalimu wa kwaya alikuwa amemsikia akiimba, akaomba amfundishe kinanda. "Umpeleke, na umrudishe," bibi alisema kila mara, kama vile ningeweza kumsahau njiani.

Kilikuwa kinanda cha kukanyaga. Miguu ya mdogo wangu haikufika chini, kwa hiyo mimi, wa miaka kumi na moja, nilichuchumaa pembeni nikisukuma pedali kwa mikono ili yeye apige. Pua yangu ilijaa vumbi na harufu ya ngozi kuukuu ya mivukuto iliyokipa kinanda hewa, na juu yangu nikasikia mwalimu akimsifu. Mimi hakuna aliyeniuliza kama nataka kujifunza. Nilitaka sana.

Jumamosi ya nne, tukirudi, nilimwambia mdogo wangu kwamba mwalimu amesema vidole vyake ni vifupi, asirudi tena. Hakulia. Aliinua mikono akaitazama, kisha akaificha ndani ya sweta. Bibi nilimwambia mtoto amechoka. Mwalimu nilikutana naye kisimani. Nikampa shikamoo, nikamwambia mtoto hataki.

"Mwambie mlango uko wazi," alisema. "Nitamngoja."

Sikumwambia. Jumamosi tatu zilizofuata kinanda kilisikika kutoka ng'ambo ya bonde, kikipiga lile zoezi la kwanza, sauti tano za kupanda na kushuka, polepole, kama mtu anavyomwita mtoto aliye mbali. Mdogo wangu aliacha kumenya viazi, akasikiliza. Aliniuliza mwalimu anamfundisha nani. Nikamjibu, mtoto mwingine.

Baada ya hapo pakawa kimya. Mwalimu alihamia upande wa Hanang, na kabla sijamaliza shule tukasikia amefariki.

Haya yote nilimweleza mdogo wangu siku ile ile, binti yake akicheza uani. Nilitegemea atanikaripia. Aliuliza jambo moja tu.

"Kwa hiyo alikuwa ananiita mimi?"

"Wewe peke yako."

Alitoka nje, akaegemea ukuta kwa muda mrefu. Aliporudi alisema mtoto ataanza, nimtafutie mwalimu, ila siku ya kwanza atampeleka mwenyewe. Sikubisha.

Wiki iliyopita nilikwenda Tlawi. Kanisa la zamani limebomolewa. Jipya lina spika kubwa. Mzee wa kanisa aliniambia kile kinanda kililiwa na mchwa, na mbao zilizobaki zilichemshia wageni chai. Bibi hayupo siku nyingi, na pale iliposimama nyumba yake wamepanda mahindi. Nilisimama pembeni ya shamba hilo, nikatega sikio upande wa bonde mpaka watu wakaanza kunishangaa.

Kinanda kingenunuliwa kingine. Lakini palikuwa na mtu aliyekaa Jumamosi tatu akimwita mtoto wa watu, akarudi nyumbani akidhani hakusikika, na sasa sina pa kumpata nimwambie kwamba mtoto alikuwa anasikia.