Siku Nilipozamisha Mipapai ya Mama Mghoi

Hili jambo nimekwepa kulisimulia miezi mingi, na hata sasa nikilikumbuka masikio yananiwaka, kwa hivyo chekeni, lakini chekeni kwa adabu. Mimi, Wakesho, mzaliwa wa Voi, mji ambao mbuzi husimama mbele ya mfereji mkavu akiulamba kwa matumaini, niliua mimea kwa kuizamisha majini.

Chanzo ni ndovu. Mama Mghoi, mjane anayeuza matunda karibu nasi hapa Kaloleni, ana kishamba nje ya mji, upande wa mbugani, na pale alikuwa na mpapai mmoja ambao matunda yake hakuna aliyeyaonja akayasahau. Ndani yalikuwa mekundu kama udongo wetu ukinyeshewa, matamu mpaka unanyamaza. Ndovu walipita, wakauangusha, wakala, wakaenda zao. Katika yale mabaki Mama Mghoi aliokota papai moja lililopasuka, akaanika mbegu zake kivulini, akazifunga kwenye pembe ya leso, akaniletea mimi. Kwa nini mimi? Kwa sababu ya mdomo wangu. Nilikuwa nimeotesha dania kwenye kopo moja (moja!), na kanisani nilikuwa nikiizungumzia kama mtu mwenye shamba la ekari kumi.

"Hizi ndizo zote, mwanangu," aliniambia. "Mti wenyewe haupo tena. Zioteshe, kina mama wagawane, na mimi unirudishie miche miwili tu."

Zikaota. Jamani, zilivyoota! Kila asubuhi nilikuwa nachuchumaa barazani kuangalia vile vishingo vikijinyoosha kutoka udongoni, na moyo wangu ulijaa kama mtu aliyeandikiwa barua. Zilipotoa majani ya kweli nikahamisha miche thelathini, kila mmoja kwenye pakiti yake ya maziwa, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi mdogo ulioniletea aibu kubwa. Kila mtu anajua pakiti hutobolewa chini. Msumari nilikuwa nao mkononi. Lakini siku hiyo ilikuwa Jumanne, na kwetu maji huja Jumanne na Ijumaa (yakitaka), na nilikuwa nimetoka kupanga foleni na mitungi mpaka mgongo unauma, nikaitazama ile pakiti nikajiambia: yaani nitoboe ili maji yangu yamwagike sakafuni? Nikaurudisha msumari kwenye kopo. Nilijiona mwerevu ajabu.

Baada ya wiki moja majani ya chini yakaanza kugeuka manjano. Sasa mtu aliyelelewa Voi anajua ugonjwa mmoja tu, kiu. Mbuzi akilegea ni kiu, sukumawiki ikilegea ni kiu, hata mgeni akinyamaza sana tunampa maji. Nikamwagilia. Miche ikazidi kuinama, nikamwagilia asubuhi na jioni. Ilipokataa bado, nikaamua basi ni njaa, nikaloweka mavi ya mbuzi kwenye ndoo nikainywesha ule mchuzi. Pakiti zikaanza kunuka. Nikasema hiyo ni harufu ya rutuba (Mungu anisamehe).

Wakati huo nilikuwa nimeshatangaza kanisani kwamba Jumapili baada ya ibada nitawafundisha kina mama kuhamisha miche, kisha nitaigawa. Jumamosi adhuhuri nikakuta kumi na mmoja imelala chali. Mtu mwenye akili angekimbia kwa Mama Mghoi, ambaye ni nyumba ya tatu tu. Mimi nilikimbilia vijiti vya meno na uzi mwekundu, nikaifunga mmoja mmoja mpaka ikasimama wima kama kwaya.

Jumapili wakanitandikia meza kwa kitambaa cheupe. Mchungaji akakaa mbele kabisa, kwa sababu anapenda papai kuliko anavyokubali. Mama Mghoi alikaa nyuma, na juu ya mapaja yake alikuwa amepakata mikebe miwili mitupu, imeoshwa ikang'aa, ya kubebea miche yake. Mpaka leo mikebe ile hainitoki machoni.

"Tunaushika mche hivi," nikaanza kwa sauti ya mwalimu, "halafu tunauvuta taratibu..."

Ukaja. Ukaja peke yake bila mzizi hata mmoja, chini umenyauka kahawia, na kijiti cha meno kinaning'inia kwa uzi.

"Wakesho!" akapaza sauti Mwadime, kiongozi wa kwaya, ambaye hajawahi kuacha nafasi ipite. "Huo ni mche ama ni majeruhi? Mbona ana bandeji?"

Kanisa zima likacheka. "Huu ulikuwa na shida kidogo," nikasema, nikavuta wa pili. Vilevile.

"Na huyo pia alikuwa na shida kidogo?"

Hapo nilipaswa kuacha. Lakini mtu mwenye aibu hufanya haraka, nikashika wembe nikaipasua pakiti ya tatu, ambayo kumbe ilikuwa imejaa kama kiriba. Ikapasuka pwaa! Maji meusi yakatiririka juu ya kitambaa cheupe, yakashuka ukingoni, yakaingia moja kwa moja kwenye viatu vya mchungaji, na harufu ya zizi ikatanda mpaka safu mbili za mbele zikasimama bila kuambiwa.

Mchungaji akatazama viatu vyake, akanitazama mimi.

"Wakesho, haya ni maji ya tangu lini?"

"Wiki tatu, Pastor."

"Wiki tatu," akasema polepole. "Na kwangu mfereji umekauka tangu Jumanne."

Mwadime alilazimika kushika nguzo, kwa kicheko. Mimi nikamtafuta Mama Mghoi kwa macho. Yeye hakucheka. Alikuwa akizitazama pakiti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayewatafuta wanawe kwenye umati, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hazikuwa mbegu zangu.

Akaja mbele. Nikajua ni kofi. Badala yake akajifunga leso, akaketi chini kwenye saruji akanyoosha miguu, akasema, "Leta hiyo miche yote hapa. Na wewe kaa."

Akachukua pakiti, akanusa udongo, akachana upande polepole na kuupokea mche kiganjani pamoja na udongo wake. "Kabla ya kumwaga maji, ingiza kidole," akasema, na watu wakasogea kusikiliza. "Jani limelegea na udongo ni mkavu, hiyo ni kiu. Jani limelegea na udongo umelowa, huyo anazama. Anakuita umtoe, na wewe unamwongezea." Akaugusa mzizi wa kahawia, ukabanduka kama ganda. "Huu umeoza. Ukiona mweupe, yuko hai. Na usimshike shingo. Mshike jani. Jani likikatika ataota lingine."

Kisha akagawa kazi. Mwadime akatumwa mchanga wa mtoni (kanisa letu linajengwa tangu nizaliwe, kwa hivyo mchanga hauko mbali), kina mama wakauchanganya na udongo, na mchungaji, miguu mitupu, suruali imekunjwa, akawa anatoboa pakiti mpya kwa msumari huku akiimba taratibu. Hakuna aliyeondoka.

Kati ya thelathini, sita ndiyo iliyokuwa na mizizi myeupe. Nikalia mbele ya watu wote. "Mama Mghoi, nisamehe. Nimeumaliza mpapai wako."

"Nilipohamia hapa kutoka kule milimani," akanijibu huku akishindilia udongo kwa dole gumba, "nilitoboa mikebe? Sikutoboa. Nilizamisha yote, hivi hivi. Ule mti walioangusha ndovu niliuotesha baadaye sana."

Kina mama, bila kuambizana, wakakataa kuchukua hata mche mmoja. Mama Mghoi akaipanga yote sita kwenye karai, akaniwekea mikononi.

"Peleka kwako. Wiki nzima kivulini."

"Mimi tena, Mama?"

"Sasa nimpe nani? Hapa ni wewe tu unayejua vizuri inavyokufa."

Mmoja ulikufa, mitano ikasimama. Miwili niliirudisha kwenye mikebe yake, imetobolewa chini matundu manne manne, nikaibeba mwenyewe mpaka mlangoni kwake. Mmoja wa iliyobaki umefika usawa wa dirisha langu, na juzi nimeona kijitunda, kidogo kama ncha ya kidole, na nimeshajua ni cha nani. Na nimeapa: sitamwagilia kitu chochote maishani mwangu kabla ya kuingiza kidole. Ndiyo maana siku hizi ukucha wangu mmoja una udongo mwekundu usiotoka. Nikisalimiana na watu huuficha. Kwa Mama Mghoi siufichi.