Kwanga Mbele ya Tume

Nilisubiri miaka mingi kumwona mtu yule akitoka jasho. Ndiye mwenye kiwanda cha sabuni kilicho upande wa juu wa kijito ambamo mama yangu huloweka mihogo ya kwanga, mkate wetu wa mihogo unaofungwa kwa majani, hapa Kisangani. Tangu bomba lake lianze kumwaga maji yenye povu, mihogo ilitoka na harufu kali, wateja wakamhama mama, meza yake sokoni ikabaki na nzi. Nilimchukia mtu huyo, na bado namchukia.

Kibali chake cha kwanza kilipita kijinga. Katika ofisi yetu ya mazingira, tume hupima maji, hewa, ajira na ridhaa ya wakaaji, na kila jambo lina uzito wake. Kikao cha wakaaji kilifanyika asubuhi, katika ukumbi wa hoteli, kwa Kifaransa, saa ambayo wanawake wako kijitoni na mihogo yao. Hakuna aliyekuja. Na kwetu, asiyekuja huandikwa kuwa amekubali.

Mwaka huu alirudi kuomba kukipanua kiwanda. Safari hii nilikuwa ndani ya tume. Mwenye ndugu katika jambo anatakiwa kujitoa. Sikujitoa, na sioni haya. Wakati wa kugawa uzito, kabla ya faili kufunguliwa, nilibishana mpaka maji na ridhaa vikapewa sehemu kubwa kuliko ajira. Kisha nikaomba kikao kifanyike kijitoni, chini kidogo ya bomba lake. Mwenyekiti alidhani ni bidii ya kazi.

Mwenye kiwanda alikuja na viatu vinavyong'aa. Akataja maendeleo mara chungu nzima, akaapa kwamba maji ni safi. Wanawake walimsikiliza kwa adabu. Alipomaliza, mama alimfanyia kile anachofanyiwa kila mgeni pale: akafungua majani, akakata kwanga ya mihogo iliyolowekwa kijitoni hapo, akamnyooshea.

"Papa, kamata. Mugeni hawezi kurudia na njaa."

"Merci, mama. Bon, mi nilishakula."

"Kidogo tu."

"Donc, kusema kweli, mi sikulaka kwanga hata siku moja."

Nilifurahi, furaha mbaya kabisa, nikashika kalamu. Lakini mama alikuwa bado anamwangalia usoni, na alichosema baada ya hapo hakuwahi kuniambia hata mimi.

"Unasema uwongo, papa. Mbele ujenge hii usine ya sabuni, wakati ulikuwa unauzisha chumvi ku bateau ya kwenda Isangi, ulikuwa unakula kwanga yangu kila asubui. Ililowekwa mu hii mayi ya kijito."

Hakula. Kila mjumbe alitoa alama zake peke yake, bila kushauriana. Mimi niliandika sifuri ya maji na sifuri ya ridhaa, na wenzangu hawakuwa na huruma kunishinda. Ombi likakataliwa. Akielekea kwenye gari lake alininong'oneza kwamba nimemwonea. Nikamwambia arudi ale kipande kimoja tu mbele ya watu, nitafuta sifuri zangu zote. Aliingia garini.

Mama aliitupa ile kwanga vichakani. Hata yeye haili.

"Na ile bomba ya zamani?" akaniuliza. "Si iko tu inamwanga?"

Nikamwambia kibali cha bomba lile kinaisha mwakani, na mimi bado nimo ndani ya tume.